Kutoka kwa Kondoo hadi Naitrojeni: Historia ya Kuhifadhi Lava wa Haemonchus contortus kwa Kuwagandisha

Historia ya kuhifadhi viumbe kwa baridi kali aghalabu huanzia mwaka 1949, pale Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walipoonesha, jijini London, kuwa mbegu za jogoo zilizochanganywa na gliseroli huweza kugandishwa na kubaki hai. Masimulizi hayo huelekea kuyaona mafanikio yaliyofuata kuwa mwendelezo tu wa ugunduzi huo. Sehemu hii inadai kuwa, kwa baadhi ya minyoo ya mifugo, ufumbuzi ulitokana zaidi na kuyaelewa maisha ya mnyoo mwenyewe kuliko kupata kemikali ya kumkinga na barafu. Mfano wetu ni Haemonchus contortus, mnyoo anyonyaye damu katika tumbo la nne la kondoo na mbuzi.

Awali, maabara iliyotaka kudumisha ukoo fulani wa mnyoo huyu ililazimika kumpitisha kutoka kondoo mmoja hadi mwingine. Mayai yalikusanywa kutoka kwenye kinyesi, yakaanguliwa, kisha lava wa hatua ya tatu, ambao ndio wenye uwezo wa kuambukiza, wakanyweshwa kondoo mpya. Njia hiyo ilikuwa ya gharama kubwa. Aidha, kila kizazi kilitoa nafasi ya mabadiliko ya kurithi. Tatizo hilo lilipata uzito baada ya dawa ya thiabendazole kutangazwa mwaka 1961 na usugu dhidi yake kuripotiwa mwaka 1964: mtafiti angewezaje kupima mabadiliko ikiwa minyoo wa jana hawapo tena?

Lava wa hatua ya tatu amefunikwa na ala, yaani ngozi ya hatua ya pili ambayo hakuivua kabisa. Kwa kawaida huivua ndani ya mnyama. Mwaka 1973, William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck, Marekani, walichapisha matokeo kuwa lava waliohifadhiwa katika baridi ya naitrojeni kimiminika kwa wiki 44 walibaki na uwezo wa kuambukiza. Mwaka 1977, J. A. van Wyk na wenzake wa Onderstepoort, Afrika Kusini, walieleza utaratibu uliofaa kwa minyoo kadhaa ya wanyama wanaocheua: lava walivuliwa ala kwa sodiamu haipokloraiti, kemikali iliyomo katika dawa za kung'arisha nguo, kisha wakagandishwa katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Gliseroli haikuhitajika.

Umuhimu wa hazina hiyo ulidhihirika mwishoni mwa miaka ya 1980, Afrika Kusini ilipokuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuripoti usugu wa mnyoo huyu dhidi ya ivermectin, dawa ambayo Campbell mwenyewe alishiriki kuivumbua. Lava waliogandishwa huwezesha minyoo wa zamani kulinganishwa na wa sasa.

Hata hivyo, hazina hiyo haipaswi kusomwa kama nakala kamili ya zamani. Hubakiza wale tu waliostahimili baridi, na wakishayeyushwa huhitaji tena mnyama ili wazaliane. Hivyo basi, ugandishaji haukumwondoa kondoo katika historia ya utafiti huu, ulimpunguzia zamu.