Maandishi yalihama, picha zikabaki: historia ya kuhamisha blogu, na somo lake kwa Uvira

UVIRA, Kivu Kusini – Mwezi uliopita mama mmoja mkaaji wa Kasenga alifika kwangu pamoja na kijana wake. Hakuleta habari, alikuja kuomba picha. «Mwandishi, wewe ulipita kwetu siku zile za mafuriko ukapiga picha. Tunaomba ile inayoonyesha ukuta wetu ulipokuwa.» Ana shauri la mpaka wa kiwanja na jirani yake. Karatasi zake zilikwenda na maji, na wazee wa mtaa wamemwambia alete ushahidi wowote alio nao.

Nilimkaribisha akae, nikafungua habari yangu ya Aprili 2020. Maneno yote yapo: usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mto Mulongwe kutoka njia yake, makumi ya watu waliokufa, maelfu ya nyumba zilizobomoka. Tarehe ipo. Hata maoni ya wasomaji yapo. Lakini kila mahali palipokuwa na picha pana kisanduku kitupu.

Picha zile hazikuibwa na mtu. Nilizipoteza mimi mwenyewe, siku nilipohamisha blogu kutoka makao yake ya zamani kwenda mapya. Niliamini kwamba nimehamisha kila kitu. Kwa sababu hiyo nimeona ni vema leo niwaeleze, ndugu wasomaji, historia ya kazi hii ya kuhamisha maandishi ya intaneti: ilianzaje, inabeba nini, na inaacha nini nyuma. Vyama vya vijana, parokia, redio za jamii na mashirika ya raia hapa kwetu yana kurasa zao, na siku moja yatahama pia.

Mlango wa kutokea

Blogu zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990. Blogger ilizaliwa mwaka 1999 huko Marekani, na Google wakainunua mwaka 2003. Mwaka 2001 ikatokea Movable Type, programu ambayo mtu aliiweka kwenye seva yake mwenyewe. Mwaka 2003 Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza walichukua programu ya zamani iliyoitwa b2, ambayo ilikuwa imebaki bila mtu wa kuiendeleza, wakaanzisha WordPress.

Mwezi wa Mei 2004 wenye Movable Type walibadilisha masharti yao. Toleo la bure likawekewa mipaka ya idadi ya waandishi na ya blogu, na waliozoea kulitumia bila malipo wakakasirika. Wengi wakahamia WordPress, ambayo ilikuwa bado changa. Waliweza kuhama kwa sababu mlango ulikuwepo: Movable Type iliruhusu mtu atoe maandishi yake yote katika faili moja, na WordPress ilijua kuisoma faili hiyo na kupanga kila habari kwa tarehe yake. Kama mlango huo usingekuwepo, hasira yao isingewasaidia kitu. Wangebaki, au wangeondoka mikono mitupu.

Januari 2007, katika toleo la 2.1, WordPress nayo ikaanza kutoa faili ya namna hiyo kwa ajili ya kuhama kutoka WordPress moja kwenda nyingine. Ni faili ya XML, yaani maandishi matupu yenye alama zinazosema: hiki ni kichwa cha habari, hii ni tarehe, huyu ni mwandishi, haya ni maoni. Inaweza kufunguliwa hata kwa programu ya kawaida ya kuandikia na ikasomeka. Tangu toleo la 3.0 la Juni 2010, kazi ya kuingiza faili hizo ilitolewa ndani ya WordPress yenyewe ikawa programu-jalizi, yaani programu ndogo ambayo mtu anaiongeza anapoihitaji. Ipo ya WordPress, ipo ya Blogger, ipo ya Movable Type na nyinginezo.

Makao yanapofungwa

Wengine walihama kwa kupenda. Wengi zaidi walihamishwa. Septemba 2010 Microsoft walitangaza kwamba wanafunga huduma yao ya blogu, Windows Live Spaces, iliyohesabiwa kuwa na watumiaji milioni 30. Watu walipewa hadi Machi 2011 kuhamia WordPress.com au kupakua vyao. Asiyesikia tangazo alikosa.

Katika Afrika Mashariki, uandishi wa blogu kwa Kiswahili ulipata nguvu katikati ya miaka ya 2000. Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa kati ya waanzilishi kwa blogu yake Jikomboe. Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi akaanza blogu yake, na kwa Watanzania wengi walio ng'ambo ikawa gazeti lao la kila siku. Lakini mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania ziliwataka wenye blogu kuomba leseni, kwa ada zilizofika jumla ya zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Wengine walilipa. Wengine walifunga, na mwenye kufunga ilimbidi ajiulize maandishi ya miaka yote ataweka wapi.

Kwetu Kongo, tunaosoma Kifaransa, njia ilikuwa nyingine. Vijana waliokuwa wakikaa kwenye saiberi miaka ile watakumbuka Skyblog, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2002. Ilikuwa ya bure, na haikumtaka mtu ajue mengi. Baadaye RFI ilileta Mondoblog mwaka 2010, na mwaka 2016 ikaja Habari RDC, ambako vijana wa Kongo waliandika juu ya maisha ya miji yao. Skyblog ilifungwa tarehe 21 Agosti 2023. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na taasisi ya INA zilikusanya nakala za blogu zake kwa ajili ya watafiti, na hilo ni jambo jema. Lakini nakala iliyo Paris kwa ajili ya watafiti si sawa na picha ambayo mama wa Kasenga anaweza kuishika mkononi mbele ya wazee wa mtaa.

Faili inabeba nini

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Nilifanya kama maelekezo yanavyosema. Niliingia kwenye blogu ya zamani, nikachagua kutoa maudhui yote, nikapata faili moja. Nilishangaa ilivyokuwa ndogo. Miaka ya habari na picha, na faili ile inaingia kwenye flashi bila kujaza hata kona! Pale pale ningejiuliza.

Faili ile ilikuwa ndogo kwa sababu ndani yake hamna picha hata moja. Mna maandishi, tarehe, majina ya waandishi, vikundi vya habari na maoni ya wasomaji. Kuhusu picha, faili inaandika anwani tu: picha hii iko mahali fulani kwenye seva ya zamani. Ni kama mtu anayehama akabeba karatasi yenye orodha ya vyombo vyake, na vyombo vyenyewe akaviacha ndani ya nyumba.

Wakati wa kuingiza, kati ya mambo ambayo programu-jalizi inauliza, mawili ni ya kuangaliwa. La kwanza, habari hizi ziandikwe kwa jina la nani katika makao mapya. La pili ni kisanduku kidogo cha kuweka alama: je, nipakue pia picha na viambatisho? Mtu akiweka alama, programu inafuata zile anwani moja moja, inakwenda kwenye seva ya zamani, inachukua kila picha na kuileta. Asipoweka alama, haileti kitu. Habari zinaingia, zinaonekana nzima, na picha zinaendelea kuonekana pia, kwa sababu ukurasa mpya unaazima zile zilizobaki kwenye seva ya zamani.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mimi sikuweka alama. Mtandao siku ile ulikuwa mzito, mega zilikuwa zinakwisha, na nikajiambia picha zinaonekana, basi zimefika. Miezi michache baadaye niliacha kulipia makao ya zamani. Kwa nini kulipa mara mbili? Seva ilipozimwa, picha zote zikatoweka siku moja, na sikuligundua mapema kwa sababu nani anarudi kusoma habari za zamani? Simu niliyopigia zile picha ilikuwa imeshakufa.

Yapo mengine niliyojifunza kwa kuchelewa. Seva nyingi zinaweka kikomo cha ukubwa wa faili inayopokelewa, na kikomo cha kawaida kinaweza kuwa mega 2 tu, kwa hiyo faili kubwa lazima igawanywe. Kazi ikikatika katikati kwa sababu ya umeme au mtandao, mtu anaweza kuanza upya bila hofu: habari ambayo imeshaingia, yenye kichwa na tarehe ileile, programu inairuka. Na viungo vilivyo ndani ya habari zako vinavyoelekeza kwenye habari zako nyingine vinaweza kubaki na anwani ya zamani. Vikibaki hivyo, vinatakiwa kurekebishwa.

Kongo tumewahi kuokoa maandishi kwa kunakili

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya mafundi. Lakini kuna mfano wa hapa hapa Kongo, wa kabla ya intaneti. Mwaka 1965 huko Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa zamani watumishi wa nyumbani wa Wazungu kiliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga. Mwandishi wake aliitwa André Yav. Hawakuwa na mchapishaji. Maandishi yalipigwa kwa mashine, yakatolewa nakala chache. Yangeweza kupotea kama karatasi nyingine nyingi za miaka ile, lakini nakala moja ilimfikia mtafiti Johannes Fabian, naye mwaka 1990 akayachapisha kama kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Baadaye yakawekwa kwenye intaneti.

Karatasi, kitabu, intaneti: mara mbili maandishi yale yamehamia makao mapya. Kila mara mtu aliyanakili wakati nakala ya zamani ilikuwa bado ipo.

Kwa nini Uvira hatuna muda wa kungoja

Sisi tunaokaa kati ya milima na ziwa tunajua nyumba inaweza kuondoka usiku mmoja. Baada ya mafuriko ya 2020, ziwa Tanganyika nalo lilipanda miaka iliyofuata na kumeza viwanja vya pwani. Mwaka 2025, mwezi wa Februari na tena mwezi wa Desemba, maelfu ya wakaaji walivuka mpaka kwenda Burundi wakikimbia vita, wengi na mfuko mmoja tu. Mtandao wenyewe unaweza kuzimwa: kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa siku karibu 20. Katika mazingira kama haya, kusema «nitafanya nakala nikipata nafasi» ni kusema hutaifanya.

Kwa hiyo, kwa yeyote mwenye ukurasa wa jamii, naomba mambo manne. Toa faili ya maudhui yako mara moja kila mwezi, uitume kwa mtu anayekaa mji mwingine. Folda ya picha inakiliwe pembeni, kwa sababu faili ile haina picha. Ukihama, weka alama kwenye kile kisanduku, kisha fungua habari kumi za zamani, ubofye picha na uangalie anwani yake: ikiwa bado ni ya makao ya zamani, hujahama. Na makao ya zamani usiyafunge mpaka umehakikisha.

Yule mama nilimwambia ukweli kwamba kosa ni langu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wengine waliopita kwao siku zile hawawezi kuwa nazo. Nimeshaulizia wenzangu wawili, na mmoja amepata picha chache za Kasenga kwenye simu ya dada yake. Ukuta haumo.

Shauri lake bado halijakatwa. Ndugu msomaji, kama ulipiga au ulitumiwa picha za Kasenga au za kando ya Mulongwe mwezi wa Aprili 2020, usizifute hata kama ni ndogo na hazionekani vizuri. Zilete, tuzinakili pamoja na tarehe na jina la mtaa. Safari hii zitawekwa mahali zaidi ya pamoja.