Grete Hermann na kosa lililokaa miaka thelathini

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Kulikuwa na hitilafu katika programu moja, na tuliitafuta kila mahali isipokuwa sehemu iliyoandikwa na bwana anayeheshimika kuliko sote ofisini. Ilikuwa hapo hapo! Nikamkumbuka Grete Hermann.

Alizaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka 1901, akasomea hisabati Göttingen chini ya Emmy Noether. Tasnifu yake iliyochapishwa 1926 inatuhusu sana sisi waandishi wa programu. Haikutosha kwake kujua kwamba maswali fulani ya polinomia yana jibu. Alitaka kujua jibu litapatikana kwa hatua ngapi. Tarakilishi zenyewe hazikuwepo! Kikomo alichopata kinatisha: kipeo chake ni 2 iliyopandishwa kwa idadi ya vigeu. Ukiwa na vigeu 3 kipeo ni 8, ukiwa na 10 ni 1024. Mwaka 1982 Mayr na Meyer walionyesha kwamba katika hali mbaya kabisa ukuaji wa aina hiyo hauepukiki.

Sasa tuje kwenye kwanta. Mwaka 1932 John von Neumann (naam, yule yule wa muundo wa tarakilishi zetu) alitoa kitabu chenye uthibitisho kwamba hakuna "vigeu vilivyofichika", yaani thamani za siri zinazoamua mapema matokeo ya kila kipimo. Wengi waliona mjadala umefungwa. Hermann hakuridhika. Mwaka 1934 alifunga safari hadi Leipzig kujadiliana na Heisenberg na wenzake, na 1935 akachapisha insha yake.

Alionyesha kwamba von Neumann alichukulia wastani wa jumla ya vipimo viwili kuwa sawa na jumla ya wastani wa kila kimoja, hata pale vipimo hivyo visipoweza kufanywa pamoja. Kwa wastani wa kawaida wa kwanta ni kweli. Lakini kwa thamani za siri? Pima spini ya elektroni upande wa mashariki: +1 au -1. Kaskazini: vivyo hivyo. Kaskazini-mashariki: pia +1 au -1, ingawa kanuni inasema mashariki jumlisha kaskazini ni takriban 1.41 mara kipimo hiki. Jumlisha +1 na +1 utapata 2, si 1.41. Ukilazimisha sharti hilo, umeshakataa thamani za siri kabla hujaanza kuthibitisha chochote. (Ajabu ni kwamba Hermann mwenyewe hakuvitetea vigeu hivyo!)

Insha ilitoka katika jarida dogo la falsafa, na mwaka 1936 mwandishi wake, mpinzani wa Wanazi, alikimbilia Denmark, kisha Uingereza. John Bell alichapisha udhaifu ule ule 1966, bila kumtaja. Ni kitabu cha Max Jammer cha 1974 kilichomrudisha Hermann kwenye mazungumzo. Wengine husema alipuuzwa kwa kuwa mwanamke, wengine kwa sababu ya jarida. Mimi naona jina la von Neumann lilitosha. Wapo wanaomtetea hata leo, kwamba hakudai makubwa hivyo.

Hermann alirudi Bremen 1946, akawafundisha walimu, akafariki huko 1984.

Na ile programu yetu? Inafanya kazi. Bwana mkubwa bado hajasema neno.