South Bend: Mji wa Magurudumu na Ahadi ya Akina Studebaker

Mto St. Joseph ukifika kaskazini mwa jimbo la Indiana, Marekani, hupinda ghafla ukaelekea ziwa Michigan. Kwenye kona hiyo ndipo ulipo mji wa South Bend. Februari 1852, ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua hapo karakana ya uhunzi kwa mtaji wa dola 68. Ufundi waliupata kwa baba yao, John, mfua chuma aliyetengeneza pia magari ya kukokotwa na farasi.

Mdogo wao, John Mohler, alifuata njia nyingine. Mwaka 1853 alikwenda California, ambako watu walimiminika kutafuta dhahabu. Yeye hakuchimba. Huko Placerville aliwatengenezea wachimbaji matoroli, na mwaka 1858 akarudi nyumbani na dola zipatazo 8,000. Alirudi wakati mwafaka. Karakana ilikuwa imeanza kupata kazi za jeshi, na Henry, kama wengi wa madhehebu ya familia yao yaliyopinga vita, hakuwa na amani nazo. John Mohler akanunua sehemu ya kaka yake, naye Henry akaenda kulima.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, serikali ilihitaji magari kwa wingi, na karakana ikageuka kiwanda. Baada ya vita wateja wakawa wakulima na wahamiaji waliokuwa wakielekea magharibi. Katika magari yale gurudumu ndilo lililokuwa roho ya kazi: mbao zilikaushwa kwa muda mrefu zisije zikapinda, kisha pete ya chuma ikapashwa moto, ikavishwa na kupozwa kwa maji ili ijibane. Mkulima aliyekuwa mbali na fundi alihitaji gurudumu lisilomwangusha njiani. John Mohler alishika kanuni moja: mpe mteja zaidi ya ulichomwahidi. Kufikia mwisho wa karne ya 19, kampuni ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa magari ya farasi duniani, na mwaka 1889 Clement alihamia Tippecanoe Place, jumba la mawe ambalo bado limesimama mjini.

Watengenezaji wengi wa magari ya farasi walimezwa na zama za injini. Akina Studebaker waliingia kwa tahadhari: mwaka 1902 walitoa motokaa ya umeme, na mwaka 1904 ya petroli. Mwanzoni walitegemea wengine kwa sehemu kubwa ya motokaa zao. Mtaji wao ulikuwa jina lililoaminika na mawakala waliotapakaa nchi nzima. John Mohler alifariki mwaka 1917, na mwaka 1920 kampuni ikaacha kutengeneza magari ya farasi.

Chini ya rais wake Albert Erskine, kampuni ilijenga mwaka 1926 uwanja wake wa kujaribia magari nje ya mji. Lakini mdororo mkuu wa uchumi ulipokuja, Erskine aliendelea kugawa gawio kubwa kwa wenye hisa wakati mauzo yakiporomoka. Mwaka 1933 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, naye akajiua. Wakuu wengine wa kampuni, Paul Hoffman na Harold Vance, waliifufua. Katika Vita Kuu ya Pili ilitoa malori yapatayo 200,000 ya aina ya US6. Mengi yalipelekwa Urusi ya Kisovieti, na baadhi yakafungwa mitambo ya makombora ya Katyusha.

Amani iliporudi, motokaa zake zilizobuniwa na timu ya Raymond Loewy ziliwavutia wengi. Hata hivyo viwanda vilikuwa vimechakaa, na gharama za uzalishaji zilizidi za makampuni makubwa ya Detroit, yaliyoweza kushusha bei bila kutetereka. Kuungana na kampuni ya motokaa ya Packard mwaka 1954 hakukuponya ugonjwa huo. Desemba 9, 1963, ilitangazwa kwamba kiwanda cha South Bend kitafungwa, na kabla ya Krismasi motokaa ya mwisho ikatoka. Kazi ilihamia Hamilton, Kanada, nako ikakoma Machi 1966.

Wafanyakazi wapatao 7,000 walibaki bila kazi, na pigo zito zaidi lilikuwa la pensheni. Mfuko haukuwa na fedha za kutosha kulipa kila kilichoahidiwa. Waliotimiza miaka 60 walilipwa haki zao zote. Wapatao 4,000 wa umri wa miaka 40 hadi 59, wengi wao waliotumikia kiwanda kwa miaka mingi, waliambulia takriban asilimia 15 ya walichostahili. Vijana hawakupata kitu.

Kilio hicho kilifika Washington. Baada ya miaka zaidi ya kumi ya mabishano, mwaka 1974 ilipitishwa sheria iliyowabana waajiri waweke akiba halisi ya pensheni, ikaunda na shirika la bima la kuwalipa wafanyakazi mfuko unapofilisika. Ukarimu wa mwenye kiwanda unaweza kujenga jina la karne nzima, lakini uzee wa mfanyakazi hauwezi kuegemea hapo. Somo hilo South Bend ililipia, na mamilioni ya wafanyakazi wa Marekani ndio wanaokula matunda yake.