Chumvi ya Jasho: Kutoka Mgodini hadi Uwanjani

Maarifa ya kupima chumvi inayomtoka mwanariadha kwa jasho hayakuzaliwa uwanjani, bali migodini na jangwani, katika miili ya watu waliofanya kazi ngumu kwa ujira. Na kwa kuwa leo aghalabu hutajwa pamoja na vikombe na nishani, ni haki asili yake isisahauliwe.

Wa kwanza katika silsila hii ni wachimbaji makaa ya mawe wa Uingereza, ambao, katika joto la chini ya ardhi, walitokwa na jasho jingi mno, wakanywa maji kukata kiu, kisha wakashikwa na maumivu makali ya misuli iliyokaza kama ubao. Mwaka 1923 K. Neville Moss aliwachunguza, akaona ya kuwa waliotiliwa chumvi kidogo katika maji ya kunywa walipata nafuu. Hapo ikadhihirika kwamba maji matupu si dawa kamili, kwa sababu yanayotoka mwilini si maji matupu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana Marekani, palipojengwa bwawa la Hoover katika mto Colorado, ambako kiangazi cha 1931 kiliwaangusha vibarua wengi, na baadhi yao hawakuinuka tena. Mwaka uliofuata David Bruce Dill na wenzake, kutoka maabara ya uchovu ya Chuo Kikuu cha Harvard, walikwenda huko wakapima damu, mkojo na jasho, wakakuta kwamba waliopatwa na mkazo wa misuli walikuwa wamepungukiwa chumvi katika damu, na mkojo wao karibu hauna chumvi kabisa, ilhali maji walikuwa wameyanywa kwa wingi. Tangazo la mahali pa kula, lililokuwa likiwahimiza kunywa maji, likaongezewa agizo la kutia chumvi ya kutosha katika chakula. Yanisikitisha kwamba shauri jepesi kiasi hicho lilifika baada ya mazishi.

Ama ugumu wa kazi hii tangu hapo ulikuwa katika kulikusanya jasho lenyewe, maana sehemu yake hukauka, na linalobaki hujificha nguoni. R. A. McCance, huko London mwaka 1936, aliwalisha watu waliojitolea chakula kisicho na chumvi, akawatoa jasho wakiwa wamelala juu ya shuka la mpira, kisha akaosha miili na shuka kwa maji yaliyokenekwa, ili chumvi isipotee. Zama hizo kiasi cha chumvi aghalabu kilijulikana kwa kuchanganya jasho na naitreti ya fedha, ambayo kwa hakika hupima kloridi, na sodiamu ikakisiwa kutokana nayo. Hata baadaye ilipopatikana mashine ya kupima mwanga wa manjano ambao sodiamu hutoa ndani ya mwali wa moto, sodiamu ikapimwa yenyewe.

Wanariadha waliingia katika habari hii kwa kishindo mwaka 1965, pale Robert Cade wa Chuo Kikuu cha Florida alipowatengenezea wachezaji wa mpira wa Kimarekani kinywaji chenye chumvi na sukari. Mwaka 1997 Susan Shirreffs na Ronald Maughan waliiendeleza njia ya kuosha: mwanariadha akaendesha baiskeli ya mazoezi ndani ya kizimba cha plastiki, na baada yake vikaoshwa mwili, nguo na baiskeli pia. Hiyo ndiyo njia ninayoiheshimu kuliko zote, ingawa haiwezi kupelekwa uwanjani, na kwa hiyo wengi hubandika vitambaa vya kunyonya jasho mkononi, mgongoni na pajani, vipimo ambavyo aghalabu huzidisha hesabu ya mwili mzima na hulazimu kusahihishwa. Katika kikosi kimoja mchezaji huyu huweza kupoteza chini ya nusu gramu ya sodiamu kwa kila lita ya jasho, na mwenzake akapoteza karibu gramu 2. Tena mtu yule yule, akishazoea joto kwa siku kadhaa, jasho lake huongezeka na chumvi iliyomo hupungua, kwa amri ya homoni inayoitwa aldosteroni, hata kipimo cha mwezi jana kisifae tena.