Klaus Wachsmann: mwanazuoni aliyepima sauti za kinubi cha Buganda

Klaus Wachsmann, aliyezaliwa Berlin mwaka 1907, hakukusudia kuwa mtaalamu wa muziki wa Uganda. Tasnifu yake ya udaktari, iliyokamilika Fribourg, Uswisi, mwaka 1935, ilihusu nyimbo za kanisa za kabla ya zile ziitwazo za Kigregori. Utawala wa Wanazi ulikuwa umemfungia milango ya vyuo vya Ujerumani kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Mwaka 1937 aliwasili Uganda kufanya kazi ya elimu chini ya misheni, na kuanzia 1948 hadi 1957 alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala.

Swali lililomshughulisha zaidi lilikuwa la nadharia: mpiga kinubi cha Kiganda, ennanga, hupangaje sauti za nyuzi zake? Badala ya kutegemea sikio lake, lililozoea piano, Wachsmann alipima. Mwaka 1950 alieleza katika jarida la Nature kwamba kinubi kimoja alichokichunguza kiligawa oktava katika hatua tano zilizokaribia kulingana. Piano huigawa oktava hiyo hiyo katika hatua 12, hivyo noti nyingi za ennanga huangukia katikati ya vibao vyake. Kile ambacho wageni wengi walidhani ni kinubi kilichopoteza sauti kilikuwa na kanuni yake.

Wakati huohuo alizunguka nchini akirekodi wanamuziki, wakiwamo wale wa ikulu ya Kabaka. Thamani ya kazi hiyo ilionekana Mei 1966, majeshi ya serikali yaliposhambulia ikulu ya Mengo. Wanamuziki wa Kabaka walitawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa; hazikurejeshwa hadi 1993. Muziki kama ule wa entenga, seti ya ngoma 15 zinazopigwa na watu sita, ulikuwa umekosa makao yake.

Wachsmann alikuwa amekwisha kuondoka, akafundisha Los Angeles na kisha Chuo Kikuu cha Northwestern. Alifariki mwaka 1984. Rekodi zake, zaidi ya elfu moja, ziko Maktaba ya Uingereza, London. Nakala zake sasa zinapatikana pia Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi yenye jina lake, ambako wanafunzi wa Uganda wanaweza kuzisikiliza bila kuomba viza.