Historia ya Mafunzo Kazini katika Benki za Damu

Benki ya damu ilianza kuhitaji watumishi wa kufunzwa pale damu ilipoacha kupita moja kwa moja kutoka mshipa hadi mshipa, ikaanza kukaa chupani. Kabla ya hapo ilikuwa kazi ya daktari mpasuaji peke yake. Karl Landsteiner alikuwa ameonyesha mjini Vienna mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi yasiyopatana, lakini kwa miaka kadhaa habari hiyo haikuvuka kuta za maabara. Aliyetaka kumwokoa mgonjwa kwa damu ya ndugu yake aliwalaza wawili hao bega kwa bega, akaushona mshipa wa huyu na wa yule kwa uzi mwembamba. Alexis Carrel alifanya hivyo New York mwaka 1908, akamwokoa mtoto mchanga kwa damu ya baba yake. Wachache mno walikuwa na mkono wa namna hiyo.

Mambo mawili yalibadili hali. Mwaka 1907 Reuben Ottenberg, wa Hospitali ya Mount Sinai ya New York, alianza kuzilinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa kabla ya kuongeza. Kisha, mwaka 1914 na 1915, Albert Hustin wa Brussels, Luis Agote wa Buenos Aires na Richard Lewisohn wa New York walithibitisha kwamba sodiamu sitreti, ikitiwa kwa kiasi kidogo, huizuia damu isigande bila kumdhuru anayeipokea. Damu ikaweza kungoja. Lakini chupa inayongoja lazima ipimwe, iandikwe, itunzwe kwenye ubaridi na itolewe kwa mgonjwa anayestahili, na daktari mpasuaji hana nafasi ya kufanya yote hayo.

Darasa la kwanza lilikuwa uwanja wa vita. Mwaka 1917, nchini Ufaransa, Oswald Robertson, daktari wa jeshi la Marekani, alihifadhi damu ya kundi O katika chupa zilizowekwa kwenye barafu, akaipeleka karibu na mstari wa mbele. Madaktari wengine wa jeshi walijifunza njia yake kwa kumtazama kisha kufanya wenyewe, kwani hapakuwa na kitabu. Vita vilipokwisha walirudi makwao, na kwa kuwa hakuna aliyepewa jukumu la kuurithisha ujuzi huo, sehemu yake kubwa ilipotea nao.

Mjini London ujuzi wa aina nyingine ulikuwa ukiota. Mwaka 1921 Percy Lane Oliver, mtumishi wa halmashauri ya Camberwell aliyejitolea pia katika Msalaba Mwekundu, alianza kutunza orodha ya watu waliokuwa tayari kuitwa hospitalini kutoa damu. Kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake: kundi la damu, mahali anapopatikana, siku aliyotoa mara ya mwisho. Oliver hakuwa daktari wala fundi wa maabara. Mchango wake ulikuwa wa kikarani, na wanaosimulia historia ya damu humpita haraka wakikimbilia wagunduzi. Ni kosa, kwa sababu makosa yaliyoua wagonjwa wengi baadaye hayakutoka kwenye darubini, yalitoka kwenye kalamu.

Miaka ya 1930 ilileta vituo vyenyewe. Frederic Duran i Jordà aliendesha kituo cha kukusanya na kusambaza damu Barcelona wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na mwaka 1937 Bernard Fantus alifungua benki ya damu katika Hospitali ya Cook County, Chicago. Vita vya pili vya dunia vilipokaribia, daktari Janet Vaughan wa London na wenzake walikwisha kusoma yaliyofanyika Hispania, na London ikazungukwa na maghala manne ya damu, Slough, Luton, Sutton na Maidstone. Slough walisambaza chupa kwa magari yaliyokuwa yakiuza aiskrimu. Madereva, wauguzi na watu wa kujitolea walilazimika kufundishwa upesi kwa vitendo: namna ya kusafisha chupa na mipira, namna ya kumtoa mtu damu bila kumwangusha, namna ya kuitambua chupa iliyoingiwa na vijidudu. Huko Marekani, Charles Drew alisimamia kati ya 1940 na 1941 mpango wa kupeleka plazma Uingereza. Hospitali zilizokusanya zilikuwa na desturi tofauti, naye alisisitiza zote zifuate utaratibu mmoja ulioandikwa. Baadaye alirudi Chuo Kikuu cha Howard, akatumia miaka iliyobaki ya maisha yake kufundisha wapasuaji.

Hadi hapo mafunzo yalimaanisha kumpa mtu ujuzi mara moja tu. Kilichovunja dhana hiyo ni Rh, aina nyingine ya makundi ya damu. Baada ya Landsteiner na Alexander Wiener kuitangaza mwaka 1940, fundi aliyejua kupima makundi ya A, B na O alijikuta anajua nusu ya kazi yake. Mwaka 1945 Robin Coombs, Arthur Mourant na Robert Race wa Cambridge wakachapisha kipimo cha kunasa kingamwili ambazo kipimo cha kawaida cha kuchanganya seramu na seli hakikuziona. Kila maabara iliyolinganisha damu ilipaswa kujifunza upya.

Kipimo cha Coombs kinaonyesha vizuri kwa nini mafunzo ya kazi hii hayawezi kuishia kitabuni. Fundi huchanganya seramu ya mgonjwa na seli nyekundu za mchangiaji, akaziacha kwenye joto la mwili, kisha akaziosha seli hizo mara tatu au zaidi kwa maji ya chumvi, akimwaga maji yote kila mara. Baadaye hutia kitendanishi cha Coombs, akazungusha bomba kwenye mashine, akalitazama. Seli zikishikamana, damu hiyo haifai. Akiosha kwa haraka, mabaki machache tu ya seramu hutosha kukimaliza nguvu kitendanishi: seli hazishikamani, bomba linaonekana safi, na damu isiyofaa inaruhusiwa kwenda wodini. Kwa hiyo mafundi hufundishwa kutia seli maalumu za udhibiti katika kila bomba lililotoa jibu hasi. Seli hizo nazo zisiposhikamana, jibu hutupwa na kazi hurudiwa. Hata kulitikisa bomba kuna adabu yake. Hutikiswa taratibu, kwa kulilaza na kuliinua, kwani mkono mzito huutawanya mshikamano dhaifu kabla jicho halijauona. Hakuna mtihani wa maandishi unaoweza kumpima mtu mkono wake, sharti mkufunzi asimame kando amwangalie.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyojenga vyama vya taaluma. Mwaka 1947 chama cha benki za damu cha Marekani, AABB, kiliundwa Dallas, na mwaka 1953 kikatoa mwongozo wa mbinu za maabara ambao umekwisha kupita matoleo 20. Ndani ya miaka hiyo ya 1950 kilitunga pia viwango vya kazi na kuanza kuzikagua benki kuona kama zinavifuata. Mwongozo unaochapishwa upya kila baada ya miaka michache ulikuwa, kwa namna yake, darasa lisilofungwa: aliyenunua toleo jipya aliona mara moja kipi cha jana kimefutwa. Mfuko wa plastiki, uliobuniwa na Carl Walter na William Murphy mwaka 1950, uliongeza somo jingine. Damu iliweza sasa kugawanywa bila kufunguliwa hewani, na kila sehemu ikawa na masharti yake: seli nyekundu kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 6, plazma kwenye friza, chembe sahani kwenye joto la chumba zikitikiswa mfululizo na kutumika ndani ya siku chache. Mtumishi aliyezoea kutia kila kitu jokofuni aliziharibu chembe sahani kwa nia njema.

Katika Afrika Mashariki kazi hii ilikaa hospitalini kwa muda mrefu. Ndugu wa mgonjwa waliletwa, fundi maabara mmoja akawatoa damu, akaipima, akailinganisha na kuikabidhi, mara nyingi peke yake na usiku. Alijifunza kwa aliyemtangulia, pamoja na mazoea yake mabaya. UKIMWI ulifichua udhaifu wa mpango huo. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kipimo cha kuchunguza damu kikapatikana duniani mwaka 1985. Kujua kukitumia hakukutosha, kwa kuwa mtu aliyeambukizwa majuzi anaweza kuonekana salama kwenye kipimo. Ilibidi mtumishi ajifunze kumhoji mchangiaji faraghani juu ya maisha yake, kumkataa bila kumfedhehesha, na kumpa majibu mazito kwa utulivu. Maabara ikalazimika kufundisha mazungumzo, somo ambalo halikuwahi kuwa lake.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa vitabu vya kujifunzia mbali na darasa kuhusu damu salama, vilivyotungwa kwa ajili ya watumishi wasioweza kuacha vituo vyao kwenda masomoni. Kisha likaja shambulio la bomu dhidi ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, lililoua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Hospitali zilihitaji damu nyingi kwa saa chache, na mpango wa kutegemea ndugu wa mgonjwa haukuweza kuitoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa na huduma ya taifa ya damu yenye vituo vya mikoa kama Mombasa, Kisumu na Eldoret. Tanzania ikafuata na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye vituo vya kanda Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Mbeya, Tabora na Mtwara. Fedha za mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, uliotangazwa mwaka 2003, ziliingia katika huduma hizo, na AABB ilikuwa miongoni mwa waliotoa washauri.

Fedha hizo zilileta semina nyingi. Semina ina faida zake, ila wanaozijua hospitali wanajua pia kasoro yake: penye posho huenda mkuu wa kitengo, na anayeshika zamu ya usiku hubaki na alichokuwa nacho. Mtindo wa kufundisha wakufunzi, ili nao wakafundishe wenzao, ulikusudiwa kuziba pengo hilo, lakini ulifanikiwa pale tu mkufunzi aliporudi kazini akatengewa muda wa kufundisha.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa imegundua jambo lililowaaibisha wataalamu. Mfumo wa kuripoti madhara ya damu uitwao SHOT, ulioanza mwaka 1996, ulionyesha tangu ripoti zake za mwanzo kwamba tatizo kubwa zaidi lilikuwa mgonjwa kupewa damu isiyo yake, wala si virusi. Chanzo kilikuwa cha kila siku. Muuguzi anachukua sampuli za wagonjwa wawili, anarudi mezani, ndipo anaandika lebo, na majina yanabadilishana. Au mtu anafungua jokofu usiku, anatoa mfuko kwa kusoma jina la ukoo tu. Au wauguzi wawili wanahakikisha mfuko mbele ya kaunta badala ya kando ya kitanda, bila kusoma bangili ya mgonjwa wala kumwuliza ataje jina lake mwenyewe. Wote hao walikwisha kufundishwa makundi ya damu na waliyajua. Mwaka 2006 waraka wa usalama wa wagonjwa uliziagiza hospitali za England na Wales kuwapima umahiri kila baada ya miaka mitatu wote wanaochukua sampuli, wanaotoa damu jokofuni na wanaoitundika wodini. Upimaji huo ulifanywa kwa kumwangalia mtu akiwa kazini, na ulimhusu hata mhudumu aliyebeba mfuko kutoka jengo moja hadi jingine.

Fikra hiyo, kwamba mafunzo ni kile mtu anachofanya kazini kwake, ilipata sura yake ya Kiafrika mjini Kigali mwaka 2009, ulipozinduliwa mpango wa kuimarisha usimamizi wa maabara uitwao SLMTA. Washiriki hukutana kwa warsha tatu zenye miezi kadhaa katikati, na katika miezi hiyo kila mmoja hurudi kituoni kwake kurekebisha jambo moja linalopimika, kama vile sampuli zinazokataliwa au joto la jokofu lisiloandikwa. Chama cha Afrika cha huduma za damu, AfSBT, kilichoundwa mwaka 1997, nacho kilitunga ithibati ya hatua kwa hatua, na Rwanda ni miongoni mwa waliofika hatua ya juu. Maabara hupelekewa pia sampuli ambazo majibu yake yanajulikana na mpelekaji tu, na anayekosea hurudi darasani. Sheria ziliongeza msukumo: ile ya Kenya ya mwaka 1999 na ya Tanzania ya mwaka 2007 ziliunda vyombo vya kusajili wataalamu wa maabara, na kuhuisha leseni kukafungamanishwa na masomo ya kujiendeleza.

Somo jipya zaidi limetoka angani. Tangu Oktoba 2016 droni za kampuni ya Zipline, zikianzia Muhanga nchini Rwanda, zimekuwa zikidondosha vifurushi vya damu kwa parachuti kwenye hospitali za vijijini. Mafundi maabara waliozoea kulimbikiza mifuko kwa hofu ya barabara walilazimika kujifunza kinyume chake: kuagiza kwa ajili ya mgonjwa aliyepo, kukagua kifurushi mara kinapotua, na kutojaza jokofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika hospitali zilizohudumiwa hivyo, damu iliyotupwa kwa kupitwa na muda wake ilipungua kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja.