Lupasi na malaria: historia ya kinga inayomgeukia mwenyewe

Katika mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou kusini mwa China, Kiswahili kimekuwa kikisikika tangu wafanyabiashara wa Kiafrika walipoanza kumiminika huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtu wa Afrika Mashariki akishikwa na homa, uchovu na maumivu ya viungo, neno la kwanza kumjia mdomoni ni lile alilolizoea nyumbani: malaria. Huenda hakosei. Lakini dalili hizo zaweza pia kuwa za lupasi, maradhi ambayo historia yake imefungamana na ya malaria kuliko wengi wanavyodhani.

Walinzi walioasi

Lupasi hutokea pale kinga, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inapoushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, damu na hata figo. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, aliamini kuwa maumbile huuzuia mwili kujidhuru namna hiyo. Mwaka 1948, Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza jinsi walivyoona chembe nyeupe za wagonjwa wa lupasi zikiwa zimemeza viini vya chembe nyingine. Mwaka 1957 ikabainika kuwa damu ya wagonjwa hao ina kingamwili zinazoshambulia DNA, yaani vinasaba.

Asili ya kingamwili ni chembe B, ambazo huzaliwa ndani ya uboho. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wa mwaka 2003, ulionyesha jambo la kustaajabisha: hata kwa mtu mwenye afya, kati ya asilimia 55 na 75 ya chembe B changa zaweza kuutambua mwili kama adui. Nyingi huchujwa kabla ya kukomaa. Kwa mgonjwa wa lupasi, chujio hilo limetoboka.

Kutoka Kilifi hadi Hong Kong

Kwa nini maumbile yaliruhusu kasoro hiyo? Sehemu ya jibu ilipatikana katika pwani ya Kenya. Chembe B zina breki inayotokana na jeni iitwayo FCGR2B. Mwaka 2010, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kuwa watoto wa Kenya waliorithi breki dhaifu kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na hatari ndogo, kwa karibu nusu, ya kupata malaria kali. Huko Hong Kong, si mbali na Guangzhou, breki hiyo hiyo dhaifu ilihusishwa na lupasi. Kinga kali inayomwokoa mtoto na malaria yaweza kumgeukia ukubwani.

Tiba nayo ilifuata njia hiyo. Mwaka 1951, daktari Mwingereza Francis Page alitangaza kuwa mepakrini, dawa ya malaria, iliwapa nafuu wagonjwa wa lupasi. Leo haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, ndiyo nguzo ya matibabu. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha belimumab, dawa inayozinyima chembe B kichocheo cha kuishi. Na mwaka 2022, madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walitangaza kuwa wagonjwa 5 waliotibiwa kwa chembe zao wenyewe, zilizobadilishwa maabara ili ziangamize chembe B, walipata nafuu na kuacha dawa.

Tiba hiyo ya mwisho ni ghali mno kwa wengi, wawe Xiaobei au Kilifi. Lililo karibu ni kutambua maradhi mapema. Kipimo kisipoonyesha malaria na homa ikarudi tena na tena, ikifuatana na upele wa umbo la kipepeo usoni au uvimbe wa miguu, mgonjwa hana budi kupimwa kingamwili na mkojo. Homa huweza kupoa, lakini figo ikishaharibika kabisa hairudi.